Amplifaya ya Katekista

Kila aliyeingia dukani kwangu kununua redio aliuliza swali lilelile: inapiga hadi wapi? Walitaka isikike mpaka kwa jirani, na ikiwezekana jirani akasirike. Katekista peke yake aliuliza kinyume chake. Aliiwasha mashine bila kaseti, akafungua sauti mpaka mwisho, akainamisha kichwa na kusikiliza hewa tupu. Watu waliokuja kununua chumvi walisimama kumtazama mzee mzima anayesikiliza kisichokuwapo, tena akitikisa kichwa kama anayekubaliana nacho. Akimaliza huzima, anaifuta kwa mkono wa shati, ananirudishia.

"Hii haijui kunyamaza, Mama Aziza. Irudishe ndani."

Mimi ni mtoto wa duka. Babu yangu alitoka Pangani na mzigo wa nguo, akaishia hapa Kamuli kwa kuwa punda wake alifia hapa. Ndivyo tunavyosimuliana nyumbani, na sina uhakika kama ni kweli. Mume wangu alikuwa na lori, akipeleka kahawa Bukoba na kurudi na bidhaa, nami nilikaa nyuma ya kaunta. Mwenye duka husikia mengi kuliko padri, na hana sharti la kuyatunza. Lakini jambo moja la nyumba ya Katekista nililitunza miaka mingi, na lingine nimelitunza mpaka leo ninapoandika.

Jina lake sitalitaja wala ukoo wake. Kigango kizima cha kilimani kilimwita Katekista, na mkewe alimwita hivyo, hata binti yake pia akikasirika. Alikuwa mwalimu wa dini na mwalimu wa kwaya. Mrefu, mkavu, na kofia ya pama aliyoivua kwa kila mtu, hata kwa watoto. Alitafuna buni za kahawa mchana kutwa kama wazee wote wa huku, akizitoa moja moja kwenye kibuyu kidogo, lakini akitaka kusikiliza mashine alizitema kwanza, kwa sababu taya, alisema, lina kelele kuliko ngoma.

Sasa nieleze alichokuwa anakitafuta, maana bila hilo utamwona mwendawazimu, kama wengi walivyomwona.

Mwaka wa sabini na nane, wiki chache kabla ya vita, padri mmoja Mzungu aliyezeekea kwetu alikuja kigangoni na kinasa sauti, akairekodi kwaya wimbo mmoja. Mke wa Katekista alisimama safu ya nyuma, akiimba sauti ya pili. Kabla askari hawajarudi kutoka vitani mama yule alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua. Padri aliporudishwa kwao alimwachia Katekista kaseti ile, pamoja na kitu ambacho hapa Kamuli hatukuwa tumekiona: hedifoni za Kijerumani, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa. Nimeuza vitu vingi maishani, na sijauza hata kimoja kilichotengenezwa kwa uangalifu ule. Masikio yake yalikuwa ya ngozi laini, waya mnene, na ndani ya ukanda wake pameandikwa namba mia sita.

Alizileta dukani kabla ya arobaini ya mkewe kuisha. Tukazichomeka kwenye redio kaseti yangu kwa kipande cha waya, maana pini yake haikuingia popote. Kwaya ikasikika mbali sana, kama watu wanaoimba ndani ya pipa ng'ambo ya bonde. Sauti za juu zilikuwapo, besi kidogo, na katikati mvumo tu.

"Yumo humu," akasema, hedifoni bado kichwani, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Ila mashine haina nguvu ya kumleta."

"Picha yake si unayo, Katekista?"

"Picha ninayo. Picha haisemi neno."

Ndipo akaanza kutafuta amplifaya. Akajiwekea mpaka: gunia moja la kahawa, lisizidi. Alisema mkewe angekubali gunia moja. La pili angemnyima chakula. Hakuona ajabu yoyote kubana matumizi kwa kumwogopa marehemu.

Nami nilinyamaza, ijapokuwa nilikuwa najua jambo. Asubuhi ya siku ya kurekodi mkewe alipita dukani amejifunga kitenge shingoni. Nikamwamkia, hakuitika, akanionyesha koo. Nikaelewa anataka tangawizi. Nilipokuwa naifunga kwenye gazeti akaniinamia, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa upepo tu.

"Sauti imekwenda," akanong'ona. "Usimwambie. Ameingoja siku hii mwaka mzima. Nitasimama na wenzangu, nitafumbua kinywa tu."

Na Katekista mwenyewe alinisimulia baadaye, kwa fahari, kwamba maikrofoni ilikuwa moja, na padri alitaka kuiweka mbele katikati, ila yeye akakataa. Sauti za chini humezwa, akasema. Akaibeba kwa mkono wake akaiweka safu ya nyuma, mbele ya kinywa cha mkewe, mpaka akina mama wakacheka. Hivyo mashine ile iliwekwa karibu na mtu mmoja tu katika kanisa zima ambaye hakuwa anaimba. Nilipoyasikia hayo nilijifanya natafuta kitu chini ya kaunta. Ningemwambia nini? Kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyoharibu? Nikaendelea kumuuzia betri, mawe ya redio, na kila jiwe nililomuuzia lilinichoma.

Alikuwa mtu wa kinyume na nafsi yake. Watoto wa mafundisho aliwaambia marehemu waachwe walale, wasiitwe-itwe na kila mwenye shida, hayo ni mambo ya kale. Na Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada, alikaa barazani kwake na redio kaseti yake akamsikiliza marehemu. Mara moja kwa juma, hakuzidisha, kwa kuwa kaseti huchakaa, kila ukiicheza inaacha unga wake kidogo kwenye kichwa cha mashine. Alikuwa mpole kwa kila mtu, lakini mbele ya kwaya aligeuka simba. Alimfukuza mwimbaji wa besi kwa kosa la kuvuta pumzi kwa kelele. "Asiyejua kunyamaza hajui kuimba," aliwaambia. Aliwafundisha kuvuta pumzi kwa pamoja, watu thelathini kwa ishara moja ya mkono, na waliopita kwenye kwaya yake huvuta pumzi hivyo mpaka leo hata wakiwa wanapanda kilima. Na alipompata muadhini wetu njiani alimshauri: "Unaanzia juu mno, rafiki yangu. Ijumaa moja utapasuka." Muadhini akachukia wiki mbili, kisha akaanza kuanzia chini.

Msemo wake nilioupenda ni huu: masikio hayana kope. Jicho ukilifumba limefungwa, lakini sikio lako liko wazi hata ukilala, na kila anayetaka kuingia anaingia. Alipokuwa akiusema nilicheka. Siku hizi sicheki.

Amplifaya ya kwanza ilikuwa ya msikiti. Mimi ndiye niliyekwenda kuiomba kwa sheikh.

"Katekista anataka amplifaya ya adhana?"

"Anataka kumsikiliza mkewe, sheikh."

"Mkewe si amekufa?"

"Ndiyo, sheikh."

Akafikiri. "Airudishe kabla ya Ijumaa," akasema.

Ile ilikuwa mashine ya kupigia vipaza sauti viwili juu ya paa, inayosikika bonde zima. Tuliiunga kwenye betri ya lori uani kwangu. Katekista akavaa hedifoni, akatema buni zake, akawasha. Alizivua kichwani kabla sijajua kumetokea nini, akakaa chini mavumbini ameshika sikio la kushoto. Siku tatu hakusikia kitu upande ule. Alirudisha amplifaya Alhamisi pamoja na mkungu wa ndizi, na dukani akaniambia, "Nguvu ni rahisi kununua, mwanangu. Nilikwenda kumwita mtu kwa kumpigia panda sikioni mwangu mwenyewe."

Ya pili mume wangu aliitoa Mwanza. Ilikuwa nzuri kwa macho, ina taa nyekundu zinazocheza na vitufe vinane. Tukaipeleka kwenye mashine ya kusaga ambako kulikuwa na jenereta. Katekista akasikiliza bila kaseti, kisha akaomba jenereta izimwe na mashine iungwe kwenye betri, akasikiliza tena. Umeme wa jenereta, alituambia, una nyuki ndani yake; wa betri hauna. Lakini nyuki walipotoka bado kulikuwa na kitu, kama mvua inayokuja kutoka mbali na haifiki. Akavua hedifoni akaturudishia.

"Vitufe vinane," mume wangu akasema, "na bado hutaki? Nitakupunguzia, mzee wangu."

"Waitu, bwana wangu, hata ukinipa bure. Mvua hii inanyesha palepale alipo."

Mume wangu alikasirika, nami nilikasirika zaidi, kwa kuwa mashine ile ilikaa rafuni mwaka mzima ikila vumbi. Nilimwambia Katekista waziwazi kwamba anachagua kama bibi harusi mwenye wachumba kumi. Akavua kofia akaniomba radhi, na hasira ikaniishia.

Fundi aliyemsaidia alikuwa mji wa Kayanga, kijana wa kazi safi, aliyekuwa na meza moja chini ya dirisha la duka la cherehani. Nilikwenda huko na Katekista kwenye lori la kahawa. Fundi akazigeuza hedifoni mikononi, akaisoma ile namba mia sita, akapiga mluzi.

"Mzee, kila mtu amekuwa akikuuzia ng'ombe wa jembe," akasema. "Hizi hazitaki kuvutwa kwa nguvu. Ni ngumu, ndiyo, mia sita hii ndiyo ugumu wake kwa umeme, redio ndogo haiziwezi, lakini amplifaya kubwa inazipigia kelele bure. Zinataka mashine ndogo, yenye msukumo wa kutosha na mkono mwepesi."

"Inayonyamaza," Katekista akasema.

"Inayonyamaza. Na hiyo hainunuliwi. Nitaitengeneza."

Aliitengeneza kwa transista alizozing'oa kwenye redio za magari yaliyokufa, akazipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga ili kopo lizuie kelele za nje. Katekista alikaa naye siku mbili. Kila transista iliyounganishwa aliisikiliza, akasema hii hapana, hii hapana, hii ndiyo. Walijaribu zaidi ya ishirini wakapata nne. Gharama haikufika nusu ya gunia. Jioni ya pili niliporudi kumchukua, fundi alinisogeza kando.

"Mzee wako huyu," akasema, akiwa hana utani tena. "Nilichomoa betri ili nibadilishe waya. Mashine imekufa kabisa, haina chochote. Yeye bado amevaa hedifoni. Nikamwona anageuka, anatazama nyuma ya bega, kisha anasema, 'Naam?'"

"Pengine ulimwita."

"Mama, nilikuwa nimebana misumari mdomoni."

Njiani kurudi Katekista alilipakata kopo lile mapajani barabara nzima, na pale kwenye makorongo aliliinua juu kwa mikono miwili ili lisitikisike.

Baada ya hapo aliacha kuja dukani kujaribu mashine. Alikuja kwa mawe tu na sabuni. Mimi nikabaki na siri yangu, na siri sasa ilikuwa imeota meno, maana nilijua amepata mashine ya kumwonyesha wazi kwamba mkewe hayumo. Nilingoja nisikie amelia, au amevunja kopo. Badala yake watu wakaanza kuniambia kwamba Katekista amenenepa, Katekista anacheka peke yake. Waliokuwa wakipita kwake Jumapili mchana walishusha sauti bila kuambiwa. Mtoto aliyetumwa kumwita, akivuta mbuzi kwa kamba, alimkuta barazani, ameweka kigoda kitupu mkabala naye, mkono umeinuliwa hewani. Mtoto alikimbia akamwacha mbuzi wake.

Padri mpya, Mwafrika mwenzetu kijana, alimwita akamwuliza anafanya nini. "Nasikiliza kwaya, Padri," akajibu, na lilikuwa jibu la kweli. Padri akakosa la kumshika.

Kwaya yenyewe ndiyo iliyoniogopesha. Mwanamke mmoja aliyepewa nafasi ya marehemu safu ya nyuma alikuja dukani akaomba maji ya kunywa. Aliniambia hawezi kusimama pale. Mkono wa Katekista ukiinuka, alisema, kabla yeye hajavuta pumzi, husikia kando ya shavu lake mtu amekwisha kuvuta. Akahama. Aliyemfuata naye akahama. Nafasi ile ikabaki wazi, na kwaya ikajipanga kuizunguka kana kwamba pana nguzo.

Dhamiri ikanishinda. Jumapili moja nilifunga duka nikapanda kilima. Ilikuwa saa nane kamili, jua kali, na kwenye migomba yake hakuna jani lililotikisika. Alikuwa barazani na hedifoni kichwani, kopo mapajani, kigoda mbele yake. Aliniona, akanionyesha kiganja: ngoja. Kisha mkono wake ukapanda polepole, kama mbele ya kwaya, ukasimama, ukashuka. Nilisimama uani kwa muda wa wimbo mzima ambao sikuusikia. Mkono ulipanda mara tatu.

"Shikamoo, Katekista," nikasema alipovua.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hapo hapana, kaa hapa kwenye mkeka."

Nikamwambia yote. Tangawizi, kitenge shingoni, upepo uliotoka kinywani. Nilimwambia mkeo hayumo kwenye kaseti, Katekista, nimekuuzia mawe miaka yote hii na hayumo. Nikaanza kulia, na sikulia kwa heshima.

Alinisubiri nimalize. Akanipa buni mbili za kahawa.

"Mimi nilisimama mbele yao," akasema. "Mume gani hajui mkewe anapofumbua kinywa bure? Nilijua tangu ubeti wa kwanza. Hatukulizungumza. Aliona nimefurahi, nikamwacha anione nimefurahi."

"Sasa unamsikiliza nani?"

"Yeye. Niliwafundisha kuvuta pumzi kwa mkono wangu. Sauti yake haikuwapo siku ile, lakini mkono ulipopanda alivuta, kwa mazoea. Na maikrofoni ilikuwa hapa." Akaweka vidole viwili mbele ya midomo yake. "Wimbo ule una beti tatu na hauna kiitikio. Mara tatu anavuta pumzi. Kwenye mashine mbaya mvumo unaifunika, ndiyo maana nilitafuta inayonyamaza. Sasa namsikia alivyokuwa hai. Pumzi si kitu kidogo, Mama Aziza. Mtu aliyekufa ndicho alichokosa."

Akaninyooshea hedifoni. Nikasema nimechelewa, watoto hawajala. Nilishuka kilima kwa mwendo ambao mtu mzima hatembei, na sioni aibu kusema niliogopa.

Miaka ikapita. Kwetu miaka ya tisini ilikuja na mengi. Barabara zilijaa watu waliovuka mpaka na magodoro kichwani, bei zikapanda na kushuka, mume wangu akauza lori. Katekista aliacha kwaya, miguu ikamvimba, pumzi ikamwia fupi. Alibaki peke yake kule juu. Binti yake mmoja, muuguzi Bukoba, alikuwa akija kila baada ya miezi michache kumwomba ahamie kwake, akakataa kila mara kwa kuvua kofia.

Siku moja binti alikuja dukani mwenyewe. Alikuwa amekodi gari, linangoja na dereva ndani.

"Mama Aziza, anakuita wewe. Ninaondoka naye leo au ninamwacha afe. Daktari amesema moyo umechoka, akikaa peke yake hamalizi mwezi. Anasema ataamua ukija." Alinishika mkono. "Nakuomba, mama. Lolote atakalokuuliza, mjibu aondoke."

Nilimkuta barazani, amevimba mpaka usoni, kopo limeshikiliwa kwa mpira wa baiskeli. Binti yake alisimama mlangoni na sanduku.

"Wewe si wa kwaya," Katekista akaniambia. Alisema maneno matatu, akapumzika, akasema mengine. "Na wewe hujawahi kuniuzia kibovu ukaniambia kizima. Nataka masikio yako. Unakumbuka niliyokueleza? Beti tatu, pumzi tatu?"

"Nakumbuka."

"Baada ya ubeti wa tatu wanamaliza, kisha pana kimya kidogo, padri anazima. Miaka yote pale hapakuwa na kitu. Tangu masika haya, pana pumzi ya nne." Akanitazama. "Huenda ni uzee. Masikio ya mzee huzaa vitu. Ikiwa ni tatu, basi naumwa, na nitakwenda na mtoto akanitibu. Ikiwa ni nne, mke wangu anataka kuimba. Siku ile hakuimba, akaiweka sauti yake. Nitaondokaje wakati mtu anaanza? Hesabu tu, mwanangu. Uniambie."

Safari hii sikuwa na watoto wa kuwasingizia. Akanivalisha mwenyewe, ngozi ya hedifoni ikafunika masikio yangu, na dunia ikaondoka. Sikusikia tena kuku wala injini ya gari. Aliwasha kopo, na sikusikia kitu bado; ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta kwenye rafu zangu zote. Kisha kaseti ikaanza, na mbele ya uso wangu, karibu kuliko anavyoweza kunisogelea mtu nisiyelala naye kitanda kimoja, mwanamke alivuta pumzi.

Kwaya iliingia nyuma yake. Yeye hakuimba. Nilisikia nafasi yake ikiwa tupu katikati ya wenzake, na ubeti wa pili ulipokaribia akavuta tena, na wa tatu tena, pumzi nyepesi ya mtu mwenye koo linalouma. Wimbo ukaisha. Kukawa kimya.

Katika kile kimya akavuta pumzi. Haikuwa kama zile tatu. Ilikuwa ndefu, imejaa, koo zima, kama anavyovuta mtu aliyepona, na haikutoka. Aliishika. Nilisubiri itoke mpaka kaseti ikazima, na kifua changu kilikuwa kinauma kwa kuwa nami nilikuwa nimeishika yangu.

Nilivua. Katekista alikuwa ananitazama midomoni. Nyuma yake binti alikuwa ameweka viganja pamoja, bila sauti, ananiomba.

"Tatu," nikasema.

"Hesabu vizuri."

"Tatu, Katekista. Baada ya hapo hamna kitu."

"Apa."

Sikutegemea hilo. Niliitazama miguu yake ilivyovimba, nikamtazama binti yake. "Wallahi," nikasema. "Ni tatu."

Kisha akavua kofia, si kwa kunisalimia, akaishika tu magotini.

"Basi nilikuwa peke yangu," akasema. Akamgeukia binti yake. "Haya, mama, nisimamishe twende."

Alifariki Bukoba kabla senene hawajaanguka, hospitalini, kwenye wodi yenye watu wengi na redio iliyokuwa ikipiga mchana kutwa. Binti aliniambia siku ya mwisho aliomba wazime, na hawakuzima. Tulimzika kilimani kando ya mkewe.

Nilikwenda kwa sheikh nikamweleza kwamba niliapa uongo, bila kumweleza uongo gani. Akanifundisha: lisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Niliwalisha wale kumi uani kwangu, wali na maharage, mpaka wakashiba. Kisha nikafunga pia, ingawa sikulazimika. Nilifunga siku nne.